Nataka kuwa kocha, nianzie wapi?

Toleo lililopita niliandika kuhusu kubadili kazi ukiwa mtu mzima. Barua zilizokuja baada ya hapo karibu zote zimeelekea upande mmoja: watu wanataka kuwa makocha. Si makocha wa mpira, ni wale wa kazi, wa uongozi, wa maisha. Nimechagua chache zinazogusa wengi. Mnijue kabla hamjanisoma: niliingia kwenye ukocha nikitokea ofisi ya rasilimali watu, kwa hiyo nina upendeleo. Nawapenda makocha wanaoshughulika na watu na kazi zao, na wanaouza ndoto sina uvumilivu nao.

Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimefundisha miaka kumi na miwili. Walimu wenzangu, hata mkuu wa shule, wakipata jambo huja kwangu. Nawashauri, wanafuata, na mambo yao yananyooka. Kila mtu ananiambia nina kipaji, nifungue ofisi ya ukocha. Nimeona kozi ya mtandaoni ya siku mbili, mwishoni wanatoa cheti cha kocha bingwa wa kimataifa. Nembo nimeshatengenezewa. Je, nijiuzulu muhula ukiisha?
*Mwalimu Mwenye Nembo*

Marahaba, Mwalimu. Usijiuzulu. Nembo iweke kabatini, haitaoza.

Tuanze na hicho kipaji. Watu kukujia na shida zao ni mtaji mkubwa, maana yake wanakuamini na wanajua hutawatangaza. Lakini hilo la kuwashauri na wao wakafuata, hiyo si kazi ya kocha, na ndilo litakalokupa taabu. Walimu, wauguzi na mameneja wazuri ndio wanaohangaika zaidi wakianza kujifunza ukocha, kwa sababu jibu huwajia kabla mwenzao hajamaliza sentensi. Mshauri anakuuzia anachokijua. Mlezi wa kazi anakuonyesha alikopita yeye. Mnasihi anakaa na wewe kwenye maumivu mpaka yapungue. Kocha yeye anakaa na mtu mzima, mwenye akili timamu, anayeyajua maisha yake kuliko wewe, na kazi yake ni kumsaidia huyo mtu afikiri mpaka aone, aamue, kisha atende. Majibu yako mazuri unayaacha mlangoni.

Jambo hili lilianzia uwanjani, na si hadithi ya kujipamba. Miaka ya 1970 Mmarekani Timothy Gallwey, aliyekuwa akifundisha tenisi, aligundua kwamba wanafunzi wake walicheza vizuri zaidi alipopunguza maelekezo. Badala ya kuwaambia mkono ushike hivi, goti likunje vile, aliwapa kazi ya kutamka tu: mpira ukidunda chini useme “umedunda”, ukigusa raketi useme “nimepiga”. Macho yakatulia kwenye mpira, ile sauti ya kichwani inayokukemea ikakosa nafasi, na mwili ukafanya kazi yake. Mwingereza John Whitmore, aliyekuwa dereva wa magari ya mashindano, akaichukua njia hiyo akaipeleka kwenye makampuni ya Ulaya. Ndiye aliyeupa umaarufu mpangilio wa mazungumzo ambao karibu kila kozi utakayoingia itakufundisha: unataka kufika wapi, hali ikoje sasa, zipo njia gani, na kati ya hizo utafanya ipi na lini.

Ukiusikia hivyo unaonekana mwepesi. Nikupe kipande cha kikao kimoja, kwa ruhusa ya mwenyewe, nikiwa nimebadilisha yanayoweza kumtambulisha. Bwana mmoja alikuwa amepandishwa cheo kuwa msimamizi wa watu aliokuwa akifanya nao kazi bega kwa bega.

“Hawaniheshimu,” aliniambia.

Ndani yangu afisa rasilimali watu alikuwa ameshaandaa hotuba kamili, yenye utangulizi na hitimisho. Nikamuuliza tu: “Ukisema hawakuheshimu, wanafanya nini?”

“Wanachelewa mkutano wa asubuhi.”

“Wote?”

Akahesabu kwa vidole. “Wawili.”

“Hao wawili wakiingia, wewe unafanya nini?”

Akanyamaza. Akaangalia dirishani, akafungua mdomo, akaufunga. Nilitamani kumsaidia, sikumsaidia. Mwisho akasema polepole, “Naanza upya. Narudia mkutano kuanzia mwanzo kwa ajili yao.” Kisha akacheka mwenyewe.

Hapo hakukuwa na cha kuongeza. Muda uliobaki tuliutumia kwenye jambo moja: kesho asubuhi wakiingia wamechelewa, atafanya nini, na nani atamkumbusha asirudi kwenye mazoea. Kama ungekuwa wewe, Mwalimu, ungempa ushauri wapi kwenye mazungumzo hayo? Kuwa mkweli. Ungemwambia pale aliposema hawamheshimu, na angekushukuru, na mkutano ungeendelea kurudiwa.

Sasa hicho cheti. Katika nchi nyingi hakuna sheria inayosema nani aitwe kocha na nani asiitwe. Daktari akifanya kazi bila leseni anakamatwa, kocha hakamatwi. Kwa hiyo cheti hakikupi ruhusa ya kufanya kazi, maana ruhusa unayo tangu jana. Kinachokupa, kama ni cha kweli, ni mafunzo na mtu mwenye uzoefu aliyekaa akakusikiliza ukifanya kazi. Ipo jumuiya kubwa ya makocha duniani, International Coaching Federation, iliyoanzishwa mwaka 1995, ambayo wengi huiita ICF. Inatoa ithibati za ngazi tatu. Ile ya kwanza, ACC, inataka walau saa 60 za mafunzo, saa 100 za kukochi watu wenyewe, saa 75 kati ya hizo ziwe za kulipwa, na wateja wasiopungua wanane. Juu ya hayo kuna saa 10 za kocha mlezi anayekukosoa, zilizosambazwa katika muda usiopungua miezi mitatu, na mtihani. Ngazi ya pili inataka saa 500 za kukochi, na ya tatu saa 2,500.

Rudi sasa kwenye kozi yako. Siku mbili zina saa 48, hata msipolala. Huko wanakuuzia karatasi.

Sisemi lazima uende ICF. Zipo jumuiya nyingine zenye heshima, kama European Mentoring and Coaching Council iliyoanza mwaka 1992, na wapo makocha wazuri ambao hawana ithibati yoyote. Ila hesabu za ICF zinakuonyesha uwiano ambao watu wa kazi hii wanaukubali: darasani kidogo, kwenye kiti mbele ya mtu halisi kwingi. Kabla hujalipa ada popote, waulize wenye kozi: nani atanisikiliza nikikochi, mara ngapi, na ataniambia nini baada ya hapo? Wakikujibu kwa kukutajia idadi ya video zilizorekodiwa, aga kwa heshima.

Na hapa ndipo kazi yako ya ualimu inapokufaa. Saa 100 hazikutaki ujiuzulu. Vikao viwili jioni na kimoja Jumamosi vinatosha kukusogeza, na mshahara unakuruhusu kumkataa mteja asiyekufaa. Hilo kocha mwenye njaa hawezi. Tena kwa ICF saa ya kulipwa ni yoyote iliyolipwa kiasi chochote, hata kwa kubadilishana huduma, kwa hiyo mtu akikulipa kidogo sana nayo inahesabika. Fungua daftari leo: jina la mteja, mawasiliano yake, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kulipwa, saa za bure. Umwambie kabisa kwamba jina lake linaingia humo, akubali. Watu huacha kuandika, na siku ya kuomba ithibati wanaanza kufukua jumbe za simu za miaka mitatu.

Nina miaka 26 na sijawahi kuwa meneja wa mtu yeyote. Nitamkochi vipi mkurugenzi?
*Kijana*

Mkurugenzi hatakuja kwako mwaka huu, kwa hiyo usipoteze usingizi. Anza na wanaokaribiana na wewe: waliomaliza chuo na wamekwama, walioajiriwa mara ya kwanza, wanaoandaa usaili. Hao unawaelewa na wanakufikia.

Lakini swali lako lina jingine ndani yake, kama kocha lazima awe amefanya kazi ya mteja. Hapana. Bill Campbell, aliyewakochi Steve Jobs wa Apple na Eric Schmidt wa Google, hakuwa mhandisi wa kompyuta. Alianzia kufundisha mpira wa miguu wa Kimarekani chuoni. Usinukuu nusu ya habari, maana baadaye aliongoza kampuni ya programu, biashara aliijua. Ila hawakumwita ili aandike programu. Walimwita kwa sababu aliwaambia kweli na hakuhitaji kitu kutoka kwao. Hicho cha pili ndicho kigumu ukiwa na miaka 26 na kodi ya nyumba.

Dada, nimemaliza mafunzo yangu, saa 60 na zaidi, cheti ninacho. Miezi inapita, mteja wa kulipa hakuna. Kwenye mitandao naandika kila siku, watu wanabonyeza kupenda, hakuna anayekuja. Wanaokuja ni ndugu na marafiki, na wao wanataka bure. Nikiulizwa bei naona haya, natetemeka. Nitoze kiasi gani?
*Mwenye Haya*

Mdogo wangu, nimeingia kwenye ukurasa wako, maana umeniachia anwani. Umeandika kwamba unasaidia watu “kufikia utu wao wa juu kabisa”. Nimesoma mara mbili na sijui unamsaidia nani kufanya nini. Anayehitaji kocha usiku huu hajalala akiwaza utu wake wa juu. Anawaza kwamba Jumatatu atamwambia bosi wake kitu, na hajui ataanzaje. Andika hilo. “Nafanya kazi na mameneja waliopandishwa cheo karibuni, wavuke mwaka wa kwanza.” “Nafanya kazi na wanawake wanaorudi kazini baada ya kulea.” Ukiogopa kwamba utawafukuza wengine, hao wengine hawapo hata sasa.

Halafu punguza kuandika, ongeza kupiga simu. Wateja wa kwanza wa makocha ninaowafahamu hawakutoka kwa wageni waliobonyeza kupenda. Walitoka kwa watu waliowahi kuwaona wakifanya kazi: bosi wa zamani, mwenzao wa idara, mtu waliyesoma naye aliyeko sasa kwenye nafasi. Usimwombe huyo mtu awe mteja, utamtia katika hali ngumu. Mwambie: “Nimeanza kukochi mameneja wapya. Unamjua mmoja ambaye mwaka huu umemlemea? Naomba unikutanishe naye, nusu saa, bila malipo, tuone kama tunaelewana.” Hiyo nusu saa ni ya kupimana. Wewe nawe unampima. Akitumia dakika zote kukueleza jinsi mke wake anavyotakiwa kubadilika, huyo hajaja kwa ukocha.

Bei. Siwezi kukutajia kiasi, kila soko lina lake, ila naweza kukuonyesha watu wanapokosea hesabu. Wanachukua mshahara wao wa zamani, wanaugawa kwa saa za kazi, wanapata bei ya saa moja, wanatoza hiyo. Baada ya miezi kadhaa wanashangaa mbona hali ni mbaya. Saa moja ya kikao ina mkia: kujiandaa, kuandika kumbukumbu, kujibu ujumbe wa “samahani tusogeze”, kutafuta mteja atakayefuata, kulipia mafunzo na kocha mlezi, kodi, siku za kuumwa ambazo hakuna anayekulipa. Na hutaweza kukaa vikao vinane kwa siku. Kikao cha sita sikusikii tena, nakuangalia tu. Kwa hiyo hesabu saa za vikao unazoweza kuzimudu vizuri kwa wiki, si saa unazokaa mezani, ndipo ugawe mahitaji yako kwa hizo.

Usiuze kikao kimoja kimoja. Mtu akija mara moja anapata nafuu ya kusikilizwa, anakwenda zake, na hakuna kilichobadilika. Uza mfululizo, tuseme vikao sita katika miezi mitatu, ili kati ya kikao na kikao apate muda wa kujaribu alichoamua na kurudi na ushahidi. Alipe kabla. Akiahirisha chini ya saa 24, kikao kimehesabika, na hilo liwe limeandikwa kwenye mkataba, usije ukalitunga siku anapokosa.

Na hiyo haya, dawa yake ni mazoezi. Simama bafuni useme bei kwa sauti, kisha funga mdomo. Wengi hukosea hapo hapo: wanataja bei halafu wanaendelea kuongea, “lakini tunaweza kuzungumza, kama ni kubwa niambie, hata nusu...” Mteja alikuwa bado anafikiri, umeshajipunguzia mwenyewe. Kama umejifunza kunyamaza kwenye kikao, nyamaza na hapa.

Ndugu na marafiki wa karibu usiwakochi. Sababu si pesa. Mume wako akikuambia anataka kuacha kazi, wewe si kocha wake, wewe ni mwenye nusu ya kodi ya nyumba. Matokeo yanakugusa, na maswali yako yote yatakuwa na ndoano ndani. Kwa vikao vya bure, chagua watu wachache usiowajua vizuri, mkubaliane idadi ya vikao na mwisho wake. Bure isiyo na mwisho inamchosha hata anayepewa.

Kampuni imenilipa nimkochi mkuu wa idara yao. Baada ya kikao cha pili mkuu wa rasilimali watu amenipigia: “Vipi, anasemaje huyu? Ana mpango wa kubaki?” Ndiye anayenilipa. Nimjibu nini?
*Nimebanwa*

Nimekaa kwenye kiti cha huyo anayekupigia. Najua kwa nini anapiga. Hana ubaya siku zote. Ana bosi wake anayemuuliza pesa imekwenda wapi.

Mjibu leo: “Ana haki ya kukuambia mwenyewe, na mimi nitamtia moyo afanye hivyo. Yaliyosemwa kwenye kikao siwezi kuyatoa.” Usipambe. Kisha mwombe mkutano wa watu watatu, yeye, mkuu wa idara na wewe, mfanye sasa kile mlichotakiwa kufanya kabla ya kikao cha kwanza. Pesa ikitoka kwa mwajiri, mkataba ni wa pande tatu. Unaandika mwajiri atapata nini: kwamba vikao vimefanyika, malengo yaliyokubaliwa mbele ya wote, na tathmini ya mwisho ambayo mkochiwa mwenyewe anaiwasilisha. Unaandika pia asichopata, yaani maneno. Na unaandika mipaka ya siri yenyewe, kwa sababu ipo: maisha ya mtu yakiwa hatarini, au sheria ikidai. Kanuni za maadili za ICF zinadai makubaliano haya yawe wazi kwa anayelipa na anayekochiwa kabla ya kuanza, na mimi naona hata asiye mwanachama azifuate.

Sikiliza kitu kingine kwenye simu hiyo. “Ana mpango wa kubaki?” Pengine ni wasiwasi wa kawaida. Lakini kuna waajiri wanaomleta kocha wakati uamuzi wa kumwondoa mtu umeshapita, ili baadaye waseme walimsaidia. Uliza waziwazi: “Akifikia malengo haya, atabaki kwenye nafasi yake?” Wakiguna, usiendelee. Ukishakuwa ushahidi kwenye jalada la kumfukuza mtu, hakuna mfanyakazi wa pale atakayekuamini tena, na kwa kweli hatakuwa amekosea.

Mteja wangu amelia kikao kizima. Sikujua nifanye nini, nikamwombea maji ya kunywa tukamaliza mapema. Nahisi nimeshindwa. Je, nimpeleke kwa mtaalamu wa saikolojia?
*J.*

Kulia si ugonjwa. Mtu anaweza kulia kwa sababu ni mara ya kwanza mwaka huu kuulizwa hali yake na mtu akasubiri jibu. Siku nyingine kaa kimya, acha alie, kisha muulize: “Unataka tuendelee na hili, au tuliweke kando kwa leo?” Yeye ndiye anayejua.

La kuangalia si machozi, ni maisha yake nje ya kikao. Halali kwa wiki kadhaa. Hali chakula. Kuamka kwenda kazini imekuwa vita. Anapigwa nyumbani. Pombe imekuwa ndiyo inayomlaza. Anarudia tukio la zamani kila kikao na hawezi kuondoka pale. Hapo ukocha hautoshi, na kuendelea ni kumcheleweshea msaada. Mwambie kwa lugha ya kawaida: “Haya unayonieleza yanamhitaji mtu aliyesomea kuyatibu. Mimi sikusomea. Naomba nikuunganishe.” Uwe na majina ya wanasihi na madaktari kabla hujayahitaji, usianze kutafuta siku hiyo mikono ikitetemeka. Wala usipotee baada ya hapo. Mpigie ujue kama alifika.

Akizungumzia kufa, kwa mzaha au kwa mafumbo, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, kikao kimeishia hapo hapo: usimwache peke yake, mpate mtu wake wa karibu, apelekwe kwenye huduma ya dharura. Siri haimfungi kocha mdomo kwenye jambo hilo, na hii ndiyo sababu unayaandika hayo kwenye mkataba siku ya kwanza.

Huna ulichoshindwa. Ila tafuta msimamizi wa kitaaluma, kocha mkongwe unayekaa naye mara moja kwa mwezi ukamweleza vikao vilivyokukaa kifuani. Mimi ninaye mpaka leo.

Ukocha wote ni utapeli. Watu walioshindwa maisha yao wanawafundisha wengine kuishi.
*Msomaji wa Siku Nyingi*

Hilo si swali, lakini nitalijibu kwa kuwa una nusu ya kweli. Wapo waliomaliza kozi mwezi uliopita na mwezi huu wanauza kozi ya kuwa kocha. Mnyororo mzima hauna hata mtu mmoja aliyekochiwa. Wapo wanaoahidi utajiri kwa siku tisini. Kocha anayekuahidi matokeo anadanganya, kwa sababu matokeo yako mikononi mwako wewe.

Nusu nyingine ya kweli imekupita. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Tim Theeboom walikusanya tafiti zilizokuwa zimefanywa kuhusu ukocha makazini, wakazichambua kwa pamoja. Walikuta unasaidia: utendaji, ustawi wa mtu, namna anavyokabili shida, mtazamo wake kuhusu kazi, na uwezo wake wa kujiwekea lengo akalifuata. Utafiti huo haukusema kila anayejiita kocha anasaidia. Ukitaka kumpima mmoja, muulize amekochi kwa saa ngapi, nani anamsimamia, na ni mteja wa aina gani huwa anamkataa. Wengi hukwama kwenye hilo la tatu.

Swali fupi: kikao kiwe cha muda gani, na naweza kufanyia kwenye simu?
*Mwanafunzi wa Ukocha*

Dakika 45 mpaka 60 kwa watu wengi. Ukizidisha hapo, mteja anaanza kukusimulia upya aliyokwisha kusema. Simu inafaa sana, na kuna wateja wanaosema ukweli zaidi wasipoonwa uso. Kama mnatumia video na mtandao unakatika, zimeni picha mbaki na sauti. Dakika 10 za mwisho zilinde: humo ndimo anataja atafanya nini, lini, na utajuaje. Aandike yeye, si wewe, na akutumie kabla ya kulala.